Jirani Aliyetuletea Samaki

Mwanangu Mize,

Bodaboda imekuchukua sasa hivi kwenda Kakuyuni kumuaga Mzee Kazungu, na kwa jinsi wanavyokupenda kule, hawatakuachilia mpaka ule mihogo na ubebe mingine. Hutarudi kabla ya magharibi. Basi nina alasiri nzima, na kalamu yako uliyoisahau juu ya friji. Kesho alfajiri unapanda basi la Tanga, na ninalotaka kukwambia nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu wiki mbili. Kila nikianza, najikuta nakuuliza kama umenunua sweta.

Sweta umenunua, najua. Na mengine yote nimeshayasema mpaka umeniita redio: mkoba usimpe mtu akushikie, chakula cha njiani kiangalie kabla hujakila, swala usiache. Hayo sirudii. Leo nataka kukwambia kosa langu, kwa sababu unakwenda kukutana nalo huko mbele, na sipendi ulikute peke yako bila kulijua.

Mtaa mzima wa Shela unakufurahia. Toka watu wasikie umepata kazi ya kuandika kumbukumbu kwenye ile kamati inayozunguka kuuliza watu kama Kenya na Tanzania na Uganda na wenzao waungane, wawe na katiba moja na serikali moja, mimi nimekuwa mtu mkubwa. Juzi mwenye duka la pembeni kaniita Mama Shirikisho, akanipimia unga kilo mbili na ushei bila kunipunja. Nimecheka. Lakini jana uliporukaruka kwamba mwezi ujao kamati itavuka Pemba, na kwamba utafikia kwa shangazi yako Bimkubwa kule Micheweni badala ya hotelini, moyo wangu ulifanya paa. Nikakwambia chai imenipalia.

Shangazi yako unamjua kwa sauti ya simu tu. Yeye ndiye dada wa pekee wa baba yako Makame, Mungu amrehemu. Huko kwao mgeni akija kulala hupelekwa kwa sheha, mkubwa wa mtaa, aandikwe daftarini. Sheha atachukua pasipoti yako. Juu ya jalada imeandikwa Afrika Mashariki kwa herufi za dhahabu, hongera zake. Ndani imeandikwa Mize Kazungu Charo. Na Bimkubwa atakuwa amekaa ubavuni mwako, amejifukiza udi kwa furaha, akisikia mtoto wa ndugu yake anasomwa kwa jina la mwanamume mwingine.

Nusu ya habari hii unaijua. Tulikufundisha mapema: Kazungu ni baba wa karatasi, Makame ni baba wa nyumbani, na mtu wa serikali akiuliza, toa jibu la karatasi. Ulikuwa na miaka minane ukaweza kudanganya bila kupepesa macho. Wakati ule nilijivunia. Nusu ya pili huijui, na aliyeificha ni mimi.

Baba yako alizaliwa Mayungu, hapa karibu, kwenye nyumba ya makuti. Kitovu chake kimezikwa pale. Wazee wake walitoka Pemba kuja kuvua kabla hata ya bendera ya uhuru kupandishwa. Lakini hakuwa na kitambulisho, kama wasivyokuwa nacho Wapemba wenzake wa pwani hii wakati huo. Akienda kuomba huambiwa yeye ni Mtanzania. Bila kitambulisho hakupata leseni ya kuvua, hakusajili laini ya simu, hakufungua akaunti. Alivua kwenye chombo cha mtu kwa leseni ya mtu, na askari wakija ufukweni kukagua, alijifanya bubu. Wako watu kule Watamu mpaka leo wanaoamini Makame hakuwa na ulimi.

Kabla hatujaoana walimkamata, wakampakia garini hadi Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, ati wamrudishe kwao. Upande wa pili wakamwuliza umezaliwa wapi, naye akasema kweli, Mayungu. Wakamwambia basi wewe ni Mkenya, rudi. Huku nako wakamkataa. Alishinda kutwa nzima kati ya mageti mawili, jua la utosi, mpaka dereva wa lori la machungwa kutoka Muheza akamhurumia, akampandisha juu ya mzigo. Alipenda sana kunihadithia. "Saumu, yale machungwa yalikuwa na karatasi zao zote, zimegongwa mihuri. Mie nlipita kwa heshima ya machungwa." Alicheka kila aliposimulia, na mimi nikacheka naye. Nilikuwa msichana, nilidhani mtu anayecheka haumii.

Ulipofika umri wa kuingia darasa la kwanza, shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Nilikwenda na kitambulisho changu, maana mimi ni mzaliwa wa Malindi na karatasi zangu hazina doa. Karani akataka kitambulisho cha baba. Nikamwambia hana. Akasema hakuna shida mama, pale pa baba tunatia X, mstari mzima. Akanionyesha cheti cha mtoto mwingine ili nisiwe na wasiwasi. X, X, X, X. Nilikiona kile cheti nikahisi nimevuliwa nguo sokoni. Mimi, binti wa Mzee Athmani, niliyeozwa kwa ndoa, watu wakala pilau siku mbili, mwanangu aandikwe kama mtoto wa kuokotwa?

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Baba yako alikuwa kizingitini anashona nyavu za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Waache watie hizo X, Saumu. Nafasi yangu hiyo, waniwekea. Siku moja ntakuja nikae."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikikanda unga wa mahamri. Siku ile niliyaona ni maneno ya mtu asiyejua aibu ya mwanamke. Nikasema sitaki. Nikasema Kazungu ni rafiki yako na ana kitambulisho, mwendee. Nikasema kama unampenda mtoto utakwenda. Mtu akishaambiwa hivyo afanye nini? Aliazima baiskeli akaenda Kakuyuni.

Kazungu hakusita. Tulikwenda naye kwa naibu wa chifu kutafuta barua, mimi na yeye, mke na mume. Alivaa shati lake la Jumapili, jasho limemlowesha mpaka kiunoni. Naibu alikuwa mgeni mtaani, hakutujua. Akatazama buibui langu, akatazama msalaba kifuani mwa Kazungu, akauliza imekuwaje. "Mapenzi, bwana mkubwa," Kazungu akajibu. "Hayaulizi dini." Nilijiuma ulimi nisicheke. Alipoulizwa jina la mtoto akasema Mizi, nikamsahihisha kwa ukali kama mke kweli, na nadhani huo ukali ndio uliomridhisha naibu. Barua ikagongwa muhuri. Cheti kikatoka. Jioni tulikula wali wa nazi sote, wewe mapajani mwa Kazungu, na baba yako akamshukuru rafiki yake hata akamtia haya. Cheti chenyewe hakukisoma. Aliniambia nikiweke pasipofika maji, akatoka nje.

Hata miezi miwili haijapita, gari la matangazo likapita mtaani. Kuna wageni kutoka Nairobi, wanataka maoni ya wananchi kuhusu Shirikisho. Nchi ziungane haraka, ziungane polepole, au zisiungane? Ndiyo hayo hayo unayokwenda kuyauliza wewe sasa, Mize. Yalianza zamani. Baba yako alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Alitoa kanzu yake, nikampigia pasi. "Mpaka ukiondoka," akaniambia, "nani tena ataniuliza wa wapi?" Tukaenda sote watatu. Ulikuwa na gauni la manjano, na hatukumaliza hata dua ya kufungua mkutano, ukalala mapajani mwangu.

Ukumbi ulijaa. Mfanyabiashara mmoja alisimama akasema polepole, haraka haraka haina baraka, wenzetu watatuletea mchele wa bei ya chini tufunge maduka. Mama mmoja wa Marafa aliuliza kama watu wa nchi nyingine watakuja kuchukua mashamba, maana hata hayo waliyo nayo wenyewe hayana hati. Kila aliyesimama alitaja jina na nambari ya kitambulisho, karani akaandika, ndipo akaendelea kusema. Ghafla nikaona mkono wa baba yako uko juu. Wallahi sikujua. Nilidhani tumekwenda kusikiliza.

"Mie Makame Shaame," akasema. "Huo muungano nautaka leo, msingoje kesho."

"Nambari ya kitambulisho, mzee," karani akamwambia.

"Sina."

"Umekisahau nyumbani?"

"Sijapata kuwa nacho."

Mmoja wa wale wageni, mama wa miwani, wala hakuwa mtu mbaya, akamwuliza kwa upole, "Mzee, wewe ni raia wa nchi gani?"

"Ndilo nlilokuja kuwauliza nyinyi," baba yako akajibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Naibu wa chifu hakucheka. Alisimama akauliza nani anamjua mtu huyu, akatazama safu yetu, akaniona. Alinikumbuka. Nilimwona akinikumbuka. "Mama, wewe umekaa naye. Huyu ni nani wako?"

Mize, swali lile bado liko mbele yangu kama vile limeulizwa leo asubuhi. Mfukoni mwa naibu palikuwa na kalamu, labda ile ile iliyoandika kwamba mume wangu ni Kazungu Charo wa Kakuyuni. Nikisema mume wangu, cheti chako kimekwisha na shule imekwisha, na Kazungu anakwenda ndani kwa ajili ya wema wake. Nikakutazama ulivyolala mdomo wazi.

"Ni jirani," nikasema. "Hutuletea samaki."

Baba yako aligeuka. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, kisha akamwambia naibu, "Kweli. Mie jirani tu." Akaketi. Karani akapiga mstari juu ya yale aliyokwisha kuyaandika. Niliona kalamu ikipita mara mbili. Akaita mtu mwingine.

Njiani alikununulia viazi karai na ukwaju wake. Mimi nilikuja nyuma. Nilingoja aniseme, nilitamani aniseme, hata anitukane. Tulipofika alisimama akabisha mlango wake mwenyewe. "Hodi, jirani," akasema, akatabasamu, akaingia.

Sasa unajua lilikotoka. Lile jina ulilolicheka utotoni, ulilowahadithia wenzako chuoni kwamba baba yangu humwita mama jirani kwa mapenzi, lilitoka ukumbini siku ile. Jirani, chai iko wapi? Jirani, leo umependeza. Jirani, mtoto kapasi! Miaka na miaka. Sikuwahi kumwuliza kama ni msamaha au ni adhabu. Niliogopa jibu. Kuna siku aliniita hivyo nikajisikia nimefunguliwa, na kuna siku aliniita kwa sauti ile ile nikaenda jikoni nikalia juu ya vitunguu ili pasiwe na maswali. Nimeishi ndani ya neno lile kama mtu aliyefungiwa chumba, na aliyemfungia yuko upande wa pili anaimba kwa furaha. Na mwenye ufunguo amekwisha kufa.

Mama yake, Bi Mize uliyepewa jina lake, alirudi Pemba uzeeni kukaa na Bimkubwa aliyeolewa huko, na akafia huko. Baba yako alihudhuria mazishi kwa simu yenye jina langu, ameibana sikioni, watu wakisoma Yasini upande wa pili. Nilimwambia tujaribu, tupitie njia za panya za Vanga, wengi wanapita. Akasema, "Mie nshakaa kati ya yale mageti, Saumu. Sikai tena." Na yeye alipokuwa kitandani anakata roho, ulikuwa bado uko njiani unatoka Nairobi, alinishika mkono. "Jirani," akasema, "mtoto afike kwa mama, kule Pemba. Mie sikufika." Hilo ndilo la mwisho nililolisikia.

Miaka miwili baada ya kumzika, serikali ikatangaza kwamba Wapemba ni Wakenya, kabila kama makabila mengine. Mayungu walipiga ngoma. Hamadi, mwenzake wa utotoni, alikuja hapa kunionyesha kitambulisho chake, amekishika kwa ncha za vidole kama kitumbua cha moto. Nikamwambia mashallah, picha imetoka vizuri. Alipoondoka nikatoa nguo safi kabatini nikazifua upya, zote, kwa sababu sikujua mikono niifanye nini. Zile X, Mize! Laiti ningeziacha zile X. Zingekuwa zimemshikia nafasi mpaka siku ile, hata kama mwenyewe yuko kaburini. Mimi kwa kiburi cha pilau ya siku mbili nilikuwa nimekwisha kumkalisha mtu mwingine.

Ulipopata kazi hii nilikwenda kwa wakili kimyakimya. Akaniambia njia ipo. Lakini ili jina la Makame liingie, mimi na Kazungu lazima tuape kwamba tulidanganya, na kudanganya serikali ni kosa, tunaweza kushtakiwa. Na vyeti vyako vyote, vya shule, vya chuo, pasipoti, mkataba wa kazi, vyote ni Kazungu. Ukigusa kimoja, vyote vinatikisika, na waliokuajiri wanaweza kusema ukae pembeni kwanza mpaka mambo yako yanyooke. Na kwa kuwa wewe ni mtu mzima, sahihi yako inatakiwa. Nikarudi nyumbani nikakaa kitako jikoni. Nikisema, nakuharibia kazi uliyoitolea jasho. Nikinyamaza, utakwenda kumkana baba yako kwao hasa, mbele ya dada yake, bila kujua unafanya nini. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavulia nguo nikakutia wewe.

Nilimwendea Kazungu nikidhani atatetemeka, mtu wa umri ule na maneno ya mahakama. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mize," akaniambia, "jina nilimwazima Makame, sikumpa moja kwa moja. Mwenyewe hakuwahi kulirudisha. Basi rudisheni nyinyi." Kisha akaanza kumenya muhogo ambao ulikuwa umekwisha kumenywa. "Lakini mtoto mwambie, akiliacha jina langu asiache kuja kula." Leo ukiwa kule, kama umemwona anakutazama zaidi ya kawaida, ndiyo sababu.

Tuliapa Jumatatu, mimi na yeye. Karatasi mbili zimo kwenye mfuko wa zipu wa begi lako, chini ya sweta. Hazijapelekwa popote. Mimi nilikuandikia jina bila kukuuliza, siwezi kulifuta bila kukuuliza. Najua nimekutwika tena. Nimetafuta namna ya kukutua, sikuiona. Kila ninapogusa, pana mtu ninayempenda ataumia. Naogopa, mwanangu. Naogopa kesi, lakini zaidi naogopa utasoma haya ndani ya basi, na ukifika Tanga utakuwa hunipendi tena. Ukizipeleka mwezi ujao, au ukizipeleka nikishakufa, au usizipeleke kabisa, sitakuuliza. Mficha uchi hazai, nami nimeshaufunua wangu. Lililobaki liko mikononi mwako, na nakuomba radhi kwamba liko hapo.

Huwa nawasikiliza hao wakubwa wa nchi zetu redioni nikichoma mahamri. Mwaka huu wanasema muungano uko karibu, mwaka ujao wanasema bado kidogo, tuanze na hili, hili tuliache. Wateja wangu huwacheka. Mimi siwacheki. Kila mmoja wao anataka kuingia nyumba ya pamoja na kila mmoja ana kitu anachoogopa kukiacha mlangoni, na hapo mimi nimewahi kusimama. Nilitaka mume na nilitaka karatasi. Sijui wao watafika lini. Labda wewe utapata kuona, maana utakuwa karibu na meza.

Na kuhusu meza hiyo nina ombi moja. Safari hii mwenye kalamu ni wewe. Siku moja, Tanga au Pemba au popote, atasimama mtu aliyevaa nguo yake nzuri kuliko zote, aseme analosema, na akiulizwa nambari atakuwa hana. Andika alichosema kwanza. Nambari mwulize baadaye. Na hata wakikwambia hahesabiki, usimpigie mstari. Yaache maneno yake yakae hapo.

Kwa sheha hakuna la kufanya, atasoma karatasi inavyosema. Mwache aandike. Lakini Bimkubwa atakushika uso, akutazame hayo macho ya kaka yake, akuulize kwa nini mtoto wa Makame anaitwa hivi. Atauliza tu, Mpemba hafichi swali. Usimtungie uongo wa kunisitiri. Nipigie simu, umpe. Nimekwisha kumpigia mara tatu nimwambie mwenyewe, na mara zote tatu nimeishia kuuliza karafuu zinauzwaje. Safari hii nitasema, kwa sababu utakuwa umekaa hapo na nitaona haya kukimbia. Kisha mwambie akupeleke kwenye kaburi la bibi yako. Ukifika usiseme mimi ni Mize. Sema Makame amefika.

Nasikia bodaboda inakata kona, na kama masikio hayanidanganyi, unabishana na dereva juu ya gunia la mihogo. Acha nimalize. Kwenye ile karatasi ya kiapo kuna mstari unaouliza, mwenye kuapa ni nani kwa marehemu. Wakili alitaka kunijazia. Nikamwambia lete hapa, huo nitaujaza kwa mkono wangu. Utaona herufi zimekwenda upande, hata wakili akaniuliza kama nahitaji maji. Hapa zimenyooka. Naweka jina langu kama nilivyoliweka pale, ili uzoee kuliona.

Mimi mama yako,
Saumu binti Athmani,
mke wa Makame Shaame.